Kwa nini kibao cha katani huvunjika mapema, na kama nyuzi za mimea zinaweza kushika nafasi ya nyuzi za kioo

Ndugu msomaji,

Umeandika kwamba ulichukua nyuzi za katani, ukazikata vipande vya sentimita tatu, ukazichanganya na resini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, kwa kiwango cha asilimia 17 ya uzito, kisha ukamimina mchanganyiko huo kwenye kalibu ukauacha ugande. Vibao ulivyopata vimevunjika kwa nguvu ndogo kuliko kibao cha resini tupu, na vile ulivyoviloweka majini kwa wiki mbili vimevimba pembezoni. Unauliza kosa liko wapi, kama kuzichovya nyuzi kwenye kostiki soda kungeiokoa kazi, na kama kweli malighafi zinazoota shambani zinaweza kuchukua nafasi ya nyuzi za kioo, zile ambazo mafundi huziita faiba, katika vifuniko vya mashine na matangi ya maji unayokusudia kutengeneza.

Nyuzi zako hazina kosa. Umezitumia kama ambavyo mtu angetumia nyuzi za kioo zilizokatwa, ilhali uzi wa mmea una tabia tatu ambazo kioo hakina: una ukakamavu mdogo zaidi, umeshikilia maji ndani yake hata unapoonekana mkavu, na haufanani na mwenzake wa jani lilelile. Matokeo yote uliyoyaeleza yanatokana na mambo hayo matatu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo ingekuonyesha mapema kwamba kibao kile kisingeweza kufanya maajabu. Kompositi ni ushirika wa vitu viwili: nyuzi hubeba mzigo, na resini huzishika nyuzi mahali pake na kuuhamisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Ukakamavu wa ushirika huo, yaani uwezo wake wa kupinga kunyooshwa au kupindwa, hukadiriwa kwa kujumlisha mchango wa kila upande kwa kadiri ya ujazo wake. Ujazo ndio unaohesabiwa hapa, wala si uzito. Densiti ya katani ni takriban gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo na ya poliesta iliyoganda ni takriban 1.2, kwa hiyo asilimia 17 ya uzito uliyoweka ni kama asilimia 15 tu ya ujazo. Tuchukue ukakamavu wa katani kuwa gigapaskali 15 (gigapaskali ndiyo kizio cha kupimia ukakamavu), ambao ni wa katikati katika viwango vinavyopimwa kwa kawaida, na wa poliesta kuwa gigapaskali 3. Kwa kuwa nyuzi zako zilitawanyika kila upande, ni takriban theluthi moja na ushee ya mchango wake, kwa usahihi zaidi tatu ya nane, inayofanya kazi katika upande wowote unaoupima. Tatu ya nane ya 15, mara 0.15, inakupa 0.84, ukiongeza mchango wa resini, ambao ni 0.85 mara 3, unafika kwenye gigapaskali 3.4. Yaani hata kama kila kitu kingekwenda sawasawa, ungekuwa umeongeza ukakamavu kwa kiasi kidogo sana juu ya resini tupu. Kwenye uimara, yaani nguvu ya kutovunjika, faida nayo ingekuwa ndogo, na faida ndogo kiasi hicho humezwa mara moja na mapovu ya hewa na mshikamano hafifu.

Sasa zichane nyuzi hizohizo, uzilaze zote upande mmoja, na uzishindilie hadi zifike asilimia 40 ya ujazo. Hesabu inakuwa 0.4 mara 15, kisha 0.6 mara 3, jumla gigapaskali 7.8. Jambo la kutia moyo ni kwamba hicho ndicho kiwango unachokipata ukihesabu kibao cha kawaida cha mkeka wa nyuzi za kioo zilizotawanyika, chenye asilimia 20 ya kioo kwa ujazo, ukichukua ukakamavu wa kioo kuwa gigapaskali 72. Na kibao cha katani ni chepesi zaidi: densiti yake ni kama 1.30, ilhali cha kioo ni kama 1.47, kwa sababu kioo chenyewe kina densiti ya takriban 2.55. Kuzipanga nyuzi na kuzishindilia kumetuvusha kutoka kwenye kazi isiyo na maana hadi kwenye nyenzo ya kihandisi. Hata hivyo, kibao chenye nyuzi za upande mmoja ni dhaifu sana kikivutwa kwa upande unaozikata nyuzi, kwa hiyo kwa kifuniko kinachosukumwa huku na huku itabidi upishanishe tabaka, moja kwa urefu na nyingine kwa upana. Ukifanya hivyo ukakamavu unashuka hadi karibu gigapaskali 4.8. Nitarudi kwenye namba hiyo tutakapofika kwenye vifuniko vyako.

Huenda ukajiuliza kwa nini katani ina 15 wakati kitani hufika 50 na zaidi, na nyuzi za makumbi ya nazi hubaki kwenye 4 hadi 6. Zote tatu zimejengwa kwa selulosi, ile dutu inayojenga kuta za mimea, na fuwele ya selulosi yenyewe, ikivutwa kwa urefu wake, ina ukakamavu unaokaribia gigapaskali 140, mara mbili ya kioo. Ndani ya ukuta wa uzi, selulosi hiyo imepangwa katika vijiuzi vyembamba mno vinavyouzunguka uzi kama nyuzi za kamba iliyosokotwa, na pembe ya msokoto huo ndiyo inayoamua mengi. Kwenye kitani pembe ni ndogo, chini ya nyuzi 10 za duara, hivyo ukivuta unaivuta selulosi yenyewe. Kwenye katani ni kati ya 10 na 25. Kwenye makumbi hupita 30, na selulosi ni kidogo huku lignini, gundi ya asili ya mmea, ikiwa nyingi, ndiyo maana uzi wa makumbi hunyooka zaidi ya asilimia 15 kabla ya kukatika. Uzi wa namna hiyo haufai kwa kibao kinachotakiwa kuwa kikakamavu, lakini unafaa sana pale panapotakiwa kumeza mshindo. Kwa hiyo chaguo la uzi lianzie kwenye kazi ya kifaa, na wala lisianzie kwenye kilichopo karibu.

Kabla hujamwaga resini tena, chukua vipande vya vibao vilivyovunjika uvitazame kwa lenzi ya kukuza, penye mwanga unaotoka ubavuni. Ukiona nyuzi ndefu zimechomoza, ziko safi na laini bila punje ya resini, na upande wa pili kuna matundu ya duara yaliyoachwa nazo, basi nyuzi zilichomoka badala ya kukatika, na mshikamano wake na resini ulikuwa hafifu. Ukiona zimekatika sambamba na uso wa mpasuko bila kuchomoza hata kidogo, mshikamano ulikuwa mkali kiasi kwamba ufa ulipita moja kwa moja, na kibao cha aina hiyo huwa kama kigae. Hali nzuri ni ya katikati: nyuzi zimechomoza kwa milimita chache, baadhi zimechanika ncha, na zimebeba vipande vya resini. Tazama pia kama kuna vishimo vidogo vyeusi kando ya nyuzi au katikati ya vifungu vyake. Hayo ni mapovu, na hayahitaji maabara kubwa kuyakadiria. Pima uzito na vipimo vya kibao kwa makini upate densiti yake halisi, kisha ilinganishe na densiti ya hesabu, ambayo kwa mchanganyiko wako ni 1.24. Ikiwa umepata, kwa mfano, 1.14, basi asilimia 8 ya kibao ni hewa, na hakuna dawa ya kemikali itakayokifanya kiwe imara hadi hewa hiyo itolewe kwa kushindiliwa.

Sehemu ya hewa hiyo, kwa maoni yangu sehemu kubwa, ilianza kama maji. Uzi wa mmea ulioachwa chumbani hubeba maji yanayofika takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaliyoshikwa na vikundi vya hidroksili, yaani sehemu za molekuli zinazovuta maji, vya selulosi na ya ndugu yake hemiselulosi. Poliesta inapoganda hutoa joto, maji hayo hugeuka mvuke palepale kando ya uzi, na pia huvuruga ugandaji wa resini inayougusa uzi, mahali ambapo ulihitaji resini nzuri kuliko popote. Kausha nyuzi kwenye oveni kati ya nyuzi joto 80 na 105 hadi uzito wake usibadilike unapopima mara mbili mfululizo, uzitie kwenye chombo kisichopitisha hewa, na uzitumie siku hiyohiyo. Ukiziacha wazi usiku mmoja penye unyevunyevu, zitarudisha sehemu kubwa ya maji uliyoyatoa. Kisha zilaze kwenye kalibu, zilowanishe resini taratibu ili iingie ndani ya vifungu, na uzishindilie kwa kifuniko cha kalibu kilichokazwa kwa boliti au kwa mashine ya kukandamiza. Kumimina peke yake hakuwezi kukufikisha kwenye asilimia 40, kwa kuwa nyuzi za mimea hujitutumua na kukataa kulala.

Kuhusu kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu. Ni dawa ya kweli na ya zamani. John Mercer aliitumia kwenye pamba nchini Uingereza katika miaka ya 1840, na jina lake likabaki kwenye utaratibu huo. Katika nyuzi ngumu kama katani huondoa nta, sehemu ya hemiselulosi na baadhi ya lignini, hutenganisha vifungu kuwa nyuzi nyembamba zaidi, na kuuacha uso ukiwa na mikwaruzo ambayo resini hushikamana nayo. Mchanganyiko wa asilimia 2 hadi 6 kwa saa chache katika joto la kawaida unatosha. Ukizidisha ukali au muda, soda inaanza kuila selulosi yenyewe na uzi unakuwa dhaifu. Suuza hadi maji yasiwe na ubesi, kwa tone la asidi ya asetiki ukiwa nayo, kisha kausha kama nilivyoeleza. Vaa glavu na miwani ya kinga, na daima ongeza soda kwenye maji badala ya maji kwenye soda, kwa sababu joto linalotoka linaweza kuirusha usoni.

Nakushauri, hata hivyo, usianze na soda. Nimeona majaribio mengi ya wanafunzi yanayolinganisha nyuzi zilizochovywa na zisizochovywa, na ndani yake vibao vyote viwili vina nyuzi zilizotawanyika, zenye unyevu, kwenye kalibu lililomiminwa tu. Tofauti ya asilimia kadhaa inayopatikana hapo huandikwa kama sifa ya soda, ilhali kukausha na kupanga nyuzi kungeleta badiliko kubwa kuliko hilo mara nyingi. Kamilisha kwanza kibao kikavu, kilichopangwa na kushindiliwa, bila kemikali yoyote. Ukiisha kukipima na kukitazama mpasuko wake kwa lenzi, ndipo utajua kama mshikamano ndio unaokuzuia kusonga. Ukihama siku moja kwenda kwenye polipropilini, mambo ni tofauti: plastiki hiyo haina kabisa urafiki na selulosi, na huko kiunganishi ni lazima, hasa polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, asilimia chache tu ya uzito. Polipropilini inayeyuka karibu na nyuzi joto 165, jambo linaloifaa katani, kwa sababu juu ya 200 nyuzi za mimea huanza kuungua na kudhoofika. Nailoni na plastiki nyingine zinazoyeyuka juu zaidi ya hapo huwa taabu kubwa.

Kuvimba kwa vibao vyako majini kumeanzia kwenye kingo ulizozikata. Uzi wa katani una mifereji ndani yake, mabaki ya chembehai zilizokuwa hai ndani ya jani, na kila ncha iliyokatwa ni mlango wa mfereji. Maji huingia, ukuta wa uzi huvimba kwa unene zaidi kuliko kwa urefu, na resini inayouzunguka hupasuka vijiufa visivyoonekana kwa macho. Ukikausha kibao, uzi unasinyaa na kuacha nafasi kati yake na resini. Awamu inayofuata ya maji inapita hapo kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kinachoua kibao ni kule kulowa na kukauka kunakorudiarudia, na mtu aliyepima mara moja tu baada ya saa 24 hajaona lolote. Ziba kila ukingo kwa resini baada ya kukata na kutoboa, weka tabaka la resini tupu juu ya nyuso zote mbili, na ukiweza hamia epoksi, ambayo hushikamana na hidroksili za selulosi vizuri kuliko poliesta. Kuna pia njia ya kuzibadilisha hidroksili zenyewe kwa anhidridi ya asetiki, ambayo kwenye mbao imefika viwandani, lakini kwa karakana ndogo kemikali hiyo ni kali na sioni sababu ya kuanzia hapo.

Kwenye upimaji nitasema kwa ufupi. Tumia kiwango kinachotambulika, kwa mfano ISO 527 kwa kuvuta, ISO 178 kwa kupinda na ISO 62 kwa unywaji wa maji, ili namba zako zilinganishwe na za wengine. Kila kundi liwe na sampuli zisizopungua tano, na utoe wastani pamoja na mtawanyiko wake, kwa sababu kwa nyuzi za mimea mtawanyiko una uzito sawa na wastani: mhandisi atakayesanifu kifaa atategemea sampuli iliyo dhaifu. Ukipima uzi mmoja mmoja, kumbuka kwamba si duara kamili. Kuuhesabu kama duara kwa kipenyo ulichokipima kwa hadubini kunaweza kukupotosha sana kwenye uimara. Na changanya nyuzi za marobota kadhaa kabla ya kuanza, ili jaribio lako lisiwe la mmea mmoja.

Umeiita kazi yako kompositi ya malighafi zinazojirudisha, na hapa lazima niwe mkweli kwako. Hata ukifika asilimia 40 ya katani, zaidi ya nusu ya kibao bado ni poliesta inayotokana na petroli. Zipo resini zenye asili ya mimea: resini za furani hutengenezwa kutokana na furfurali inayopatikana kwenye magunzi ya mahindi na makapi ya miwa, na hustahimili moto vizuri, mafuta ya maganda ya korosho hutoa kadanoli, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikiingia kwenye viatu vya breki za magari, mafuta ya kitani yanaweza kugeuzwa kuwa aina ya epoksi, na asidi ya polilaktiki hutoka kwenye wanga na sukari, ingawa hulegea ikifika nyuzi joto 55 hadi 60, joto ambalo kifuniko cha mashine kilichoachwa juani kinaweza kulifikia. Usiamini pia kwamba kibao kitaoza kwa kuwa kina katani. Poliesta na epoksi zikiisha kuganda haziozi wala haziyeyuki tena, na kuchanganya nyuzi za mmea ndani yake hakubadilishi hilo. Faida halisi iko kwingine: uzi wa mmea hauhitaji tanuri la zaidi ya nyuzi joto 1,400 kama kioo, hauwashi ngozi ya fundi, na hauli visu vya mashine za kukatia.

Wala wazo lenyewe si geni kwa wahandisi. Bakelite, plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ilitiwa unga wa mbao ili isivunjike kirahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Norman de Bruyne na wenzake nchini Uingereza walitengeneza Gordon Aerolite kwa nyuzi za kitani na resini ya fenoli, na wakaijaribu kwenye kiunzi cha ndege ya Spitfire, kwa hofu kwamba aluminiamu ingeadimika vitani. Magari ya Trabant ya Ujerumani Mashariki, yaliyotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1991, yalikuwa na bodi ya mabaki ya pamba na fenoli. Tangu miaka ya 1990, watengenezaji wa magari wa Ulaya wamekuwa wakikandamiza mikeka ya kitani, katani na nyuzi nyingine za mimea pamoja na polipropilini ili kupata paneli za ndani za milango. Utaona kwamba mafanikio makubwa ya leo yako ndani ya gari, pakavu, kwenye paneli inayopindwa kuliko kuvutwa. Wabunifu hao walichagua mahali panapoifaa nyenzo.

Ndiyo sababu jibu langu kwa vifuniko vya mashine ni ndiyo. Kwa paneli inayopindwa, ukakamavu hukua kwa kasi unene unapoongezeka kidogo tu. Kifuniko cha mkeka wa kioo chenye unene wa milimita 3 na ukakamavu wa 7.8 kina uzito wa kilo 4.4 kwa mita ya mraba. Ukitaka kisichopinda zaidi ya hicho kwa katani iliyopishanishwa yenye 4.8, unahitaji unene wa milimita 3.5, na uzito wake ni kilo 4.6. Umelingana na kioo kwa karibu kabisa, na ukiongeza mbavu upande wa ndani, nyuzi zake zikiwa zimelazwa kwa urefu wa ubavu, utakipita. Ikiwa mashine ina injini inayopata moto, tia hidroksidi ya aluminiamu, unga unaozuia moto, kwenye resini na ukubali kwamba itakuwa nzito kumimina.

Kwa matangi ya maji jibu ni hapana. Ukuta wa tangi unavutwa mchana na usiku na mzigo usiopumzika, na papo hapo umelowa upande mmoja. Nyuzi za mimea zilizolowa hupoteza sehemu ya ukakamavu wake, na kompositi yake huendelea kunyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu. Ufa mmoja kwenye tabaka la ndani unatosha kuufungulia maji mlango wa kila mfereji niliouelezea. Ukuta uache uwe wa kioo. Mfuniko wa tangi, ambao haubebi maji na unaweza kubadilishwa bila kulimwaga tangi, unaweza kuutengeneza kwa katani, na ungekuwa jaribio zuri la uwandani: ziba kingo zake, upime uzito kabla ya kuufunga, kisha uupime tena kila mwezi pamoja na kipande cha kibao hichohicho ulichokiweka ndani pakavu.